Mfuko wa Saruji Barazani

Akina mama wa darsani walimchangia Bi Rukia saruji ya kujengea mteremko, ili kiti chake cha magurudumu kishuke barazani bila taabu. Lakini nyumba ilikuwa ya kupanga, na mwenyewe, Mzee Shebuge, kila alipoombwa ruhusa alijibu, "Inshallah, tutaangalia." Masika yakaja, yakapita. Bi Rukia akawa anashushwa mgongoni mwa bintiye kama gunia.

Siku moja ya darsa Mzee akaja mwenyewe. Akaketi juu ya mfuko wa saruji pale barazani, akajipepea.

"Haya, Bi Rukia, jengeni. Ila msinibomolee baraza."

"Alhamdulillahi. Tujenge kwa kitu gani?"

"Si mna saruji?"

"Umeikalia, Mzee wangu."

Aliinuka, akaupiga mfuko kofi. Ulikuwa jiwe tupu.

"Sasa mbona hamkuniambia itaharibika?"

Binti akasonya. Bi Rukia akasogeza kiti mpaka ukingoni mwa baraza.

"Darsa linaanza. Shuka chini, Mzee, unipokee."

Mzee Shebuge akayatazama magurudumu, akaitazama kanzu yake nyeupe, akaanza kukunja mikono ya kanzu hiyo polepole.