Yai la Mwisho la Kuku

Sogeeni niwape ya Kuku, jamani! Mwaka ule wa njaa aliatamia mpaka mbavu zikamtoka. Mayai yote yakawa viza, likabaki moja tu, na siku za kutotoa zikapita.

Bata, domo hilo, akaja akicheka. "Shoga, unaatamia jiwe? Litupe, utakufa na njaa!"

"Mungu hajasema basi," Kuku akajibu, sauti imemkauka.

Asubuhi moja yai likapasuka. Kikatoka kitoto, mdomo bapa kama mwiko! Bata kicheko kikamkatika. Lilikuwa yai lake mwenyewe, alilolitupa majanini njaa ilipoingia, Kuku akalikusanya na yake.

"Mwanangu huyo, nipe!"

"Mchukue," Kuku akasema, machozi yakimlenga.

Bata akakiita, akakiita. Kitoto kikajichimbia chini ya bawa la Kuku.