Uvungu wa Meza ya Bodi

"Wanaokubali karakana ya useremala ifungwe, wanyooshe mikono," akasema mwenyekiti wa bodi ya chuo.

Nusu yao wakanyoosha. Mimi ni mwakilishi wa walimu, na mkono wangu ulikuwa chini ya meza.

Meza hii aliitengeneza marehemu mume wangu na wanafunzi wake, kwenye karakana hiyohiyo. Hata uvunguni alipapiga msasa. Nikamtania, kwani kikao kitafanyika huko?

"Hapaonekani," alisema, "ila iko siku mtu atapapapasa."

Ubao ulikuwa laini kama shavu lake akishanyoa.

"Mwalimu, kura zimelingana," mwenyekiti akasema. "Umebaki mkono wako tu."

"Nisubirini kidogo," nikasema. "Bado nimemshika."