Vibaba vya Matanga

"Majirani kumi na wawili, kila mmoja ameleta vibaba viwili vya mahindi ya manjano," mwalimu alisema. "Tunazidisha au tunagawanya?"

Sidi, ambaye muhula mzima hakupata hesabu hata moja, alinyoosha mkono.

"Tunazidisha, mwalimu. Ndivyo walivyokuja kwetu kumlilia baba, kila mtu na vibaba vyake."

Mwalimu alikitazama kichwa chake kilichonyolewa.

"Vyema, mwanangu," alisema taratibu. "Na kugawanya je?"

"Matanga yakishavunjwa. Sisi watoto tuko sita, baba wadogo ni watatu. Wawili wawili. Mimi nimeangukia yule wa Mtwapa."

Chini ya dawati, miguu yake ilibana furushi la nguo zake, lililofungwa kwa leso.

Hodi ikapigwa mlangoni. Sidi akainuka kabla mwalimu hajaitikia.