Kiini cha Yai

Siku ya tano tangu ajifungue, Shemsa aliletewa na mumewe yai la kuchemsha lililokatwa katikati. Halikuwa na kiini.

"Kiini kiko wapi, Badi?"

"Nimewasagia watoto."

Alionyesha tangi la kioo kando ya kitanda. Samaki wake alikuwa amezaa asubuhi ile, vitoto vyembamba kama kope, na Badi alikuwa amemtenga mama yao kwa wavu asije akavila.

"Na mimi je?"

"Wewe kula huo weupe, unatosha."

Ukucha wa Badi ulikuwa umejaa kiini kilicholowa maji ya samaki. Kwa kidole hichohicho akamgusa mtoto wao shavuni. Shombo ilimfikia Shemsa puani.

Akamfuta mtoto kwa kanga, akamlaza. Akainuka taratibu kwa sababu ya mshono, akaingiza mkono majini, akauchomoa ule wavu.

"Shemsa! Atawala wote!"

"Mzazi huyo," alisema Shemsa, akijipangusa mkono kwenye shati la mumewe. "Ana njaa."

Ndani ya tangi, samaki mwenye tumbo lililonywea aligeuka polepole.