Kaburi la Mgomba

Bathsheba alikuwa akiwaonyesha wachimbaji kaburi la mwanawe liishie wapi wakati pikipiki ilipopanda kilima cha Manga na kumshusha mwanawe huyohuyo langoni, mkono mmoja umefungwa bandeji.

Wachimbaji waliruka nje ya shimo wakaacha majembe. Bathsheba hakukimbia. Alimwendea akapapasa kovu la kidevuni, alilolipata kwa kuanguka kwenye shamba la chai akiwa darasa la pili. Lilikuwepo.

"Redio ilisema mmekufa wote saba," alisema. "Wanajeshi wa kwanza kuuawa mpakani."

"Ni sita, mama. Mimi nilirushwa nje gari lilipolipuka, simu ikaungua humo. Sasa vita vinakuja."

"Vitakukuta umekula, baba."

Mzee mmoja alikohoa. Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, litadai mtu. Bathsheba alijua. Alichukua panga, akaingia shambani, akaangusha mgomba mnene kuliko yote, mkungu ukiwa juu yake.

Waliushusha shimoni taratibu kama maiti. Kijana alitupa konzi sita za udongo, akiwataja wenzake mmoja mmoja. Kisha wanawake waliokuja kulia wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde wakaitikia.

Ukabaki msalaba, umeegemea ukuta, jina la kijana na tarehe vimeandikwa kwa rangi nyeusi ambayo haijakauka.

"Na huu tuuweke wapi?" mchungaji aliuliza.

Bathsheba aliupasua kwa panga lilelile.

"Jikoni," alisema. "Mtoto hajanywa chai."