Mtawa Selinka na Gitaa la Mawimbi

Springi ya kitanda, iliyofungwa ndani ya boksi la mbao ili kulipa gitaa mwangwi, ilikuwa bado inatetemeka Profesa Otruba alipoinua mkono.

"Basi. Inatosha."

Bořek alizinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Dada yake, Zdislava, aliishusha fidla taratibu. Mbele yao, katika ukumbi wa utamaduni wa mji wa Brno, walikaa wajumbe watatu wa kamati, lakini mwenye neno alikuwa huyo mzee wa katikati. Muhuri ulikuwa mkononi mwake.

Mwaka ule wa 1974, chini ya serikali ya Kikomunisti, bendi isiyo na muhuri wa kamati haikuruhusiwa kupanda jukwaani. Na Bořek alikuwa na barua mfukoni: akikosa leo, Jumatatu anaripoti mgodi wa makaa wa Ostrava. Baba yao alistaafu kwenye mgodi huohuo akiwa amebakiwa na vidole sita.

Shida ni kwamba kijana alilipenda gitaa la mawimbi, lile la Marekani linalokwenda mbio na kupiga kama maji kwenye mwamba, wakati bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Kulipiga waziwazi mbele ya kamati ni kujitia kitanzi. Ndipo Zdislava akaja na ujanja wake: fidla ya kikanisa juu, gitaa chini, na jina la mtunzi wa kale kwenye karatasi ya maombi. Jina walilichukua maktaba, kwenye kitabu kikuukuu kilichokosa jalada na jina la mwandishi. Mtawa Ambrož Selinka, aliyefariki 1741. Sifa zake zilijaa kurasa kumi na moja, na mwishoni imeandikwa kwamba nota zake zote ziliteketea pamoja na monasteri.

"Nani atabisha?" Zdislava alicheka siku ile. "Waliomsikia wote wako makaburini!"

Sasa hakuwa na kicheko hata kidogo.

"Huyu Selinka," Profesa alisema, uso umempauka, "mmemtoa wapi?"

"Ni mtunzi wetu wa zamani, Profesa."

"Najua ni nani! Nakuuliza mmemtoa wapi, binti."

"Kwenye kitabu."

"Kitabu hicho nilikiandika mimi."

Lo! Bořek akamgeukia dada yake. Mjumbe wa kushoto akamkonyeza mwenzake. "Leo wamepatikana," alisema.

"Na hizi nota mlizopiga?" Profesa aliuliza kwa sauti ya chini.

Bořek alifungua mdomo aungame, yaishe. Zdislava akamkanyaga mguu.

"Tulizikuta parokiani, Profesa. Ndani ya sanduku. Zina sahihi yake kabisa."

Jasho lilimtoka mzee kwenye paji la uso, likateremka hadi kwenye kola, wala hakulifuta.

"Ndugu, nendeni mkanywe kahawa," aliwaambia wenzake. "Hawa wawili niachieni."

Walipotoka, alifunga mlango kwa ufunguo. Akavuta mapazia, moja baada ya jingine. Zdislava akaushika mkono wa mdogo wake kwa nguvu.

"Umetumaliza, dada," Bořek alinong'ona. "Haki ya Mungu, umetumaliza."

Profesa alirudi mezani. Hakuketi. Alizivuta karatasi zao za maombi, akainua muhuri, akaugonga kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Aliugonga kwa nguvu hadi wino ukarukia kitambaa cha meza.

"Haya, chukueni," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kisha niambieni mnataka nini kingine kwangu, na ni nani aliyewaambia kwamba Selinka nilimtunga mwenyewe, kwamba hakuwahi kuzaliwa."