Nani Atakiosha

Sylvance alilala kifudifudi kwenye kitanda cha daktari, suruali magotini, shavu limegandana na karatasi ya kutandikia. Nyuma ya pazia, mama mkwe wake, aliyekataa katakata Sylvance aje peke yake, alikuwa akimngoja kwenye benchi.

"Hili jipu la juu ya makalio limerudi," daktari alisema. "Vinyweleo vimechimba ndani tena. Mara ya kwanza tulikata tukashona, sivyo?"

"Ndio, daktari."

"Nikishona tena utapona upesi, lakini naona likirudi. Heri nikate niache kidonda wazi, kijifunge chenyewe kutoka chini. Kitachukua wiki nyingi, na kila siku lazima mtu akioshe na kukijaza bandeji. Bibi yako yuko?"

"Ako Katari, kazini."

"Basi kliniki ya mtaani?"

Sylvance akaziwaza ngazi za nyumba yao mtaani Pipeline, kuzipanda kila siku na kidonda mpaka orofa ya saba. Akakiwaza chumba chao kimoja. Kwao Wajaluo, mtu hali hata chakula mbele ya mama mkwe. Tangu mama huyu aje kulea wajukuu, Sylvance hula koridoni na kulala kwa jirani.

"Shona tu, daktari."

Benchi likatoa mlio.

"Usishone," sauti ya mama mkwe ilisema. "Nilikuwa nesi mimi. Nitakiosha."

"Mama, tafadhali..."

Pete za pazia zikakwaruza chuma. Mkono wa Sylvance uliitafuta suruali, usiifikie.